Bomba la Kapteni Leonardi

10 Machi, Jumatatu

Nimeripoti kazini. Kazi yenyewe ni kuwaua kweleakwelea, vile vindege vinavyomaliza nafaka, kwa dawa inayonyunyizwa kutoka angani. Mama alipowasimulia wenzake wa jumuiya jana walicheka, wakasema mtoto wa Mwalimu Oswaldi amesoma miaka yote hiyo ili aje kuamia ndege shambani. Waache wacheke. Mpunga wa bondeni ukiliwa wote tutaona nani atacheka.

Kampuni ina ndege moja yenye injini mbili, na ni kuukuu kunizidi mimi kwa mbali. Rangi imebabuka, mlango wa nyuma unafungwa kwa waya, na fundi wetu Clemens huisemesha kila asubuhi kabla ya kuigusa. Mimi nina leseni ya kurusha injini moja. Ya injini mbili siipati mpaka mkufunzi aseme kwamba moja ikifa angani nitaweza kurudi salama na ile iliyobaki. Mkufunzi hapa ni mmoja tu, Kapteni Leonardi, mtu wa Laela. Asiponipitisha hadi mavuno yaishe, kiti changu anapewa Valerian, ambaye msimu huu anachanganya dawa na kusubiri zamu yake, nami nabaki nyumbani Izia kupalilia ulezi wa mama.

Nilimwamkia shikamoo. Akanitazama miguu kabla ya uso. Nilitaka kumpasha, kumbe alikuwa anapima kama inafika kwenye pedali.

12 Machi

Nimepigwa leo. Nina miaka ishirini na saba, nina leseni, na nimepigwa.

Ilikuwa hivi. Ndege ya injini mbili ikifa moja, pua yake inageukia upande wa ile iliyokufa, maana iliyo hai inaendelea kuvuta. Ukiiacha inageuka zaidi, bawa linashuka, mnapinduka. Dawa yake ni kukanyaga pedali ya upande wa injini iliyo hai. Ikifa ya kushoto unakanyaga kulia, ikifa ya kulia unakanyaga kushoto. Ukishainyoosha, unavuta nyuma wenzo, ule mpini wa nguvu, wa ile unayodhani imekufa. Ukiona hakuna kilichobadilika, basi ndiyo yenyewe, unageuza mapanga ya propela yake yakate upepo badala ya kuuzuia. Haya yote niliyajua. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri.

Mwanafunzi hukaa kiti cha kushoto, mkufunzi kulia kwake. Kapteni alikuwa amepakata kipande cha bomba la mpira, lile gumu la kupitishia mafuta, nikadhani ni kitu cha Clemens amesahau kukirudisha. Tulipofika juu ya Izia, nikiwa natafuta kwa macho paa la nyumbani, alifunga mafuta ya injini ya kushoto bila kuniambia. Pua ikaenda. Kabla sijasema hata "ee", bomba lilitua kwenye paja langu la kulia kwa nguvu ya mtu anayeua nyoka. Nikakanyaga kulia. Alipozima ya kulia, akaupitisha mkono mbele yangu na kunipiga paja la kushoto. Tulifanya hivyo mpaka machozi yakanizuia kusoma saa za vipimo mbele yangu.

Tuliposhuka alisema sentensi moja: "Ukichelewa chini ni uvivu, ukichelewa juu ni maiti mbili." Akaenda zake kunywa chai.

13 Machi

Siwezi kupanda ngazi. Mama ameuliza, nimemwambia nimejigonga kwenye bawa.

17 Machi

Nimemuuliza Clemens kama huwa anawapiga wote. Akasema wote, tena mimi napigwa kwa adabu, wanaume huwapiga mpaka mgongoni. Nikauliza kwa nini hakuna aliyesema. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama mimi shuleni nilipopigwa niliwahi kusema.

23 Machi, Jumapili

Baba ameniaibisha leo na sijui kama nitamsamehe kabla ya Pasaka.

Mama aliliona paja nilipokuwa nabadilisha nguo ya kanisani, akamwambia. Nilitegemea baba awake. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, watu wanamheshimu, akisema neno linasikika. Baada ya misa ya pili akatoka na jogoo kwapani na unga wa ulezi kwenye mfuko, tukaongozana hadi nyumba anayopanga Kapteni. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyosimama nyuma ya baba yangu wakati anagomba.

Baba alimpa jogoo. Akamshukuru. Alisema amefurahi kuona bado wapo watu wanaofundisha kwa moyo, kwamba siku hizi walimu wanaogopa watoto, na kwamba yeye mwenyewe wanafunzi wake waliofika mbali ni wale aliowachapa. Kisha, mbele yangu, akasema kwa sauti ya mtu anayemkabidhi mwenzake ng'ombe: "Kapteni, usimwonee huruma kwa kuwa ni wa kike."

Kapteni akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Wakakaa wakanywa togwa, wakaongea habari za viboko kama wazee wa mpira wanavyoongea habari za magoli. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikiwatazama wote wawili kwa chuki moja.

30 Machi

Leo tumeua.

Tuliondoka jioni, tukavuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ardhi ikaanguka chini yetu ghafla na joto la bondeni likaingia ndani ya ndege. Kweleakwelea walikuwa wanarudi kulala kwenye matete karibu na ziwa. Nilidhani ni moshi wa shamba linaloungua. Kapteni akaniambia nishike usukani, yeye akafungua dawa, tukapita juu yao mara kwa mara. Waliporomoka kutoka kwenye matete makundi kwa makundi. Wengine waligonga bawa, unasikia mlio mdogo, tak, tak. Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa, nilifurahi.

Tumelala kwenye kiwanja cha udongo cha huku huku bondeni.

31 Machi

Asubuhi tulikwenda kuona kazi yetu. Ndege wadogo wametapakaa chini huwezi kuweka mguu, na katikati yao korongo wawili na mwewe ambao hawakutukosea chochote. Watu walikwishatangaziwa wasiwaguse, nyama ina sumu. Lakini alikuwepo mwanamume mmoja, Yohanes, na gunia tayari limejaa. Kapteni alimwambia amwage. Yohanes akasema yeye ana watoto, na kwamba sisi tunaogopa tu asile bure.

Kapteni alirudi kwenye ndege akachukua bomba. Alimpiga Yohanes mikononi mpaka gunia likaanguka, akampiga mgongoni alipoinama kuliokota, akampiga alipokuwa chini. Watu walisimama wanatazama. Mimi pia. Kisha Kapteni akalimwagia gunia mafuta na kulichoma, na mke wa Yohanes, ambaye alikuwa pembeni na mtoto mgongoni, akaja akapiga magoti kumshukuru. Alisema mumewe hasikii mpaka apigwe.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Watoto wale wangekula. Kesho wangekuwa wanazikwa. Labda kuna watu, na labda mimi ni mmojawao, ambao neno haliwaingii mpaka lipitie kwenye ngozi. Siipendi fikra hii lakini imenikaa.

4 Aprili

Mvua. Hatukuruka.

5 Aprili

Mvua.

8 Aprili

Mvua, na baridi ya kutetemesha meno. Clemens amefungua injini ya kulia, inavuja mafuta na inakohoa ikipata moto. Anasema inataka kupumzishwa kabisa. Ofisi imesema ipumzike msimu ukiisha.

11 Aprili

Kumekucha kweupe, tumefanya mazoezi. Nimepigwa mara moja tu. Mguu ulikwenda pamoja na bomba, haukulisubiri lishuke lote. Kapteni alitikisa kichwa kidogo, na mimi, Coleta, mtu mzima, nilijisikia kama nimepewa zawadi mbele ya shule nzima.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Njia ya Msalaba. Kapteni alibeba msalaba kituo kizima akiwa peku juu ya kokoto, uso umelowa machozi. Sikujua anaweza kulia. Nilimwombea.

24 Aprili

Naiva. Leo alizima kushoto, kulia, kushoto, nikiwa napaa, nikiwa nakata kona, nikiwa natua, na kila mara nilikuwa sawa. Kwenye mapaja yangu sasa kuna rangi zote, na ninapokaa na Valerian na Clemens tunataniana kiboko changu kipi kilikuwa kizuri zaidi. Nilimwambia Valerian yeye bado ni mtoto, hajatiwa alama.

27 Aprili

Nimewakuta nyuma ya stoo ya dawa. Valerian amekaa kwenye ndoo, ameweka matofali mawili chini ya miguu kuwa pedali. Clemens amesimama kando na fimbo. Clemens anasema "kushoto imekufa" na kumchapa paja la kulia, Valerian anakanyaga tofali. Mara nyingine hasemi kitu, anachapa tu, na Valerian anakanyaga. Anataka zamu yake ikifika asimchoshe Kapteni.

"Dada, nipime na wewe," akaniambia. Nilichukua fimbo. Nilimchapa mara nyingi, tukacheka sana.

2 Mei

Ulezi wa mama umeanza kugeuka rangi. Kapteni amesema safari mbili tatu zaidi za bondeni, halafu ananipitisha. Nimempigia baba. Akaniambia nirudie, halafu akampa mama simu naye asikie.

10 Mei

Nitaandika yote leo kabla watu hawajaanza kunisimulia mimi habari yangu mwenyewe.

Jana jioni tulikuwa juu ya matete, jua liko nyuma ya ukingo. Mimi naendesha, Kapteni kulia kwangu, tangi la dawa bado zito. Ilikuwa mara yetu ya pili kupita. Sijui kilichowashtua kweleakwelea, lakini waliinuka wote kwa pamoja mbele yetu, na hapakuwa na pa kukwepea. Nilisikia tak, tak, kisha sikusikia tena moja moja. Kioo cha upande wa Kapteni kilipasuka kikaingia ndani na ndege ndani yake. Upepo, manyoya, damu, harufu ya dawa. Injini ya kulia ikapiga kishindo, ikakohoa, ikafa. Pua ikaenda kulia.

Nilijua. Pua kulia, imekufa ya kulia, kanyaga kushoto. Nililijua jambo hili kwa uwazi wote wa akili yangu, na mguu wa kushoto ulikuwa umeshaanza safari.

Hapo bomba likatua kwenye paja la kulia.

Nikakanyaga kulia. Sikuamua. Paja lilipigwa na mguu ukaenda, kama ulivyofundishwa tangu Machi. Pua ikazidi kwenda kulia, bawa la kulia likazama, nikaona matete kwenye dirisha ambalo lilipaswa kuonyesha mbingu. Nikamgeukia Kapteni. Uso wake ulikuwa nyama tupu na vioo, jicho moja halipo mahali pake, jingine limezibwa na damu. Hakuwa anaona kitu. Alikuwa anapiga tu. "Kanyaga! Kanyaga, binti!" Akapiga tena paja lile lile, na mimi nikakanyaga zaidi. Yeye ananipiga kwa nguvu zake zote, mimi namtii kwa nguvu zangu zote, na sote wawili tunaizamisha ndege.

Nilipiga ukelele nikamwambia ni ya kulia iliyokufa, lakini upepo ulikuwa unaingia kama mto, hakusikia. Nikajaribu kuuondoa mguu. Haukutoka. Kila nikianza kuulegeza bomba linashuka, unarudi chini. Niliona wazi kwamba mtu huyu akiendelea kunipiga tutakufa, kwa sababu mimi nitaendelea kukanyaga.

Basi nikampiga. Nilimpiga kiwiko cha usoni, pale pale palipokuwa pamepasuka, nikasikia mfupa wa pua ukivunjika. Akanishika nywele akanivuta. Labda alidhani nimechanganyikiwa, ndivyo ningemdhania mwanafunzi. Bomba likanipata shingoni. Niliukamata mkono wake kwa meno, nikauma mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, na sikuachia mpaka alipoachia. Bomba likaanguka miguuni. Nikampiga kiwiko tena, na tena, hata baada ya kulegea. Mara ya mwisho haikuwa ya lazima. Ilikuwa yangu.

Nikakanyaga kushoto. Bawa lilinyanyuka pole pole, matete yakagusa magurudumu, nayasikia mpaka sasa. Nikamwaga dawa yote, ndege ikapata unafuu. Nikavuta wenzo wa kulia, hakuna kilichobadilika, ndiyo yenyewe, nikayageuza mapanga. Kisha ilikuwa kazi ya kawaida ya kutafuta kiwanja na kutua. Nilitua vizuri kuliko siku zote.

Wakulima walikuja mbio. Walimshusha Kapteni, wakamlaza kwenye kanga za wake zao, ana manyoya mdomoni. Mtu mmoja aliniletea maji ninawe, nikatazama mikono yangu, nikaona nywele zangu mwenyewe, alizoning'oa Kapteni, zimegandia kwenye damu. Tulipandisha Lyamba kwa pikapu ya mchele, kichwa chake kikiwa juu ya paja langu la kulia, na kila gari liliporuka niliona nyota kwa maumivu. Sikukihamisha.

13 Mei

Yuko hai. Jicho moja limeondolewa, jingine linaona mwanga. Hatarusha tena.

Mji mzima unasema viboko vyake vimetuokoa. Clemens anasema, Valerian anasema, baba amesema mbele ya wanajumuiya kwamba kama si Kapteni kumtia Coleta adabu, leo kungekuwa na matanga mawili. Wanajumuiya wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimekaa pale na shingo iliyovimba, nikaendelea kula ugali.

16 Mei

Nimekwenda hospitali. Wadi ilijaa wageni, tukaongea mambo ya hali ya hewa. Alinyoosha mkono wenye bandeji, ule niliouuma, akaomba karatasi zangu. Muuguzi alimwelekeza kidole mahali pa kusaini. Akanipitisha. Nilimwambia asante Kapteni, na nilimaanisha.

Nimeipata leseni ya injini mbili. Nimeiota miaka mingi, na nimerudi nayo nyumbani kwa miguu bila kumwambia mtu.

21 Mei

Wachunguzi wa ajali wanakuja wiki ijayo. Meneja wetu, Mama Angela, aliniita akafunga mlango. Ni mama mpole, hajawahi kunidanganya. Alinieleza kwamba nikisema nilipigwa, hata mara moja, mafunzo yote ya msimu yanafutwa na saini ya Kapteni haina thamani. Nikisema tulipambana na ndege waliotuvamia, jambo ambalo pia ni kweli, nitakuwa rubani wa injini mbili na hakuna atakayeumia. Akanishauri nifikirie wazazi.

Nilifikiria wazazi.

25 Mei, Jumapili

Valerian amenijia kanisani amevaa vizuri. Mkufunzi mwingine akipatikana yeye ndiye anayefuata. Alikuwa na ombi, kwamba bomba la Kapteni lipo bado ndani ya ndege, kama sina kazi nalo angependa alichukue, akampe mkufunzi mpya. Alisema lina baraka.

Nimemkatalia kwa ukali, akashangaa. Mchana mzima nimeona miguu yake juu ya matofali.

28 Mei

Nimesema.

Walikuwa wachunguzi wawili kwenye ofisi ya kampuni, Mama Angela kando, Kapteni akiwa ameletwa na kiti cha magurudumu, bandeji usoni. Niliwaeleza yote, bomba, mapaja, kiwiko, meno. Niliwaambia: "Injini iliyokufa ilikuwa ya kulia. Alinipiga mguu wa kulia. Nikamtii." Mama Angela alifumba macho.

Hakuna shahidi. Kapteni angesema binti huyu amepatwa na mshtuko, na dunia nzima ingemwamini. Wakamuuliza kama ni kweli. Mkono wake ukapapasa mkono wa kiti.

"Ni kweli," akasema. "Sikuwa naona. Nilipiga mguu uliokuwa karibu."

Nilimsindikiza hadi nje, nikisukuma kiti, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza. Getini aliniambia nisimame. Aliniambia nimesema kweli na hatanisamehe, na kwamba hayo yote mawili niyabebe. Nikamjibu nitayabeba. Nikamwekea blanketi vizuri miguuni, upepo ulikuwa mkali.

29 Mei

Baba hanisemeshi.

2 Juni

Imekuja barua, mafunzo yamefutwa. Mama Angela amenipa nafasi moja, na sijui ameitafuta kwa nani. Mkufunzi mwingine anakuja wiki mbili kabla ya kampuni kufunga msimu. Akinipitisha, nabaki. Asiponipitisha, ndiyo basi.

7 Juni

Tunavuna ulezi. Baba anakata upande mwingine wa shamba. Mama anapeleka ujumbe huku na huku kama karani.

12 Juni

Clemens amepachika injini ya kulia nyingine na kioo kipya. Alikuta bomba chini ya kiti. Alinitazama, akalikata vipande kwa msumeno mbele yangu.

17 Juni

Mkufunzi amefika. Anaitwa Faith, hajafika miaka arobaini, anaongea taratibu na anavaa soksi mbili kwa ajili ya baridi yetu. Aliniuliza naogopa nini. Nikamwambia siogopi kitu.

18 Juni

Tulipaa asubuhi, hewa ni safi, ulezi uliovunwa umetandazwa kwenye nyua zote za Izia. Faith aliniambia atazima moja bila kutaja ipi. Aliweka mikono yake yote miwili mapajani pake, nikaiona. Halafu akafunga mafuta ya kushoto.

Pua ikaenda kushoto. Nikaitazama ikienda. Nilijua ni ya kushoto, ningeweza kuiandika ubaoni, na miguu yangu yote miwili ilikuwa imetulia juu ya pedali. Pua ikaendelea, bawa likaanza kushuka, Faith akachukua usukani akainyoosha mwenyewe.

"Unasubiri nini, Coleta?"

Akarudia zoezi, kulia safari hii. Nikakaa vile vile. Akarudia. Kila mara nilijua, na kila mara miguu ilikaa kimya kama ya maiti. Tulitua. Akaniambia kwa upole kwamba anazo siku chache tu, na hawezi kumpitisha mtu ambaye miguu yake haifanyi kazi. Nilikaa kwenye nyasi kandoni mwa kiwanja. Nilitamani kumwomba anipige. Maneno yalifika mdomoni kabisa.

21 Juni

Bado.

23 Juni

Bado. Usiku baba amegonga mlango. Alisimama hapo hapo kizingitini, akaniuliza kama bado naumwa. Nikasema siumwi. Akasema sawa, akaenda.

26 Juni

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Faith. Kwanza sikukanyaga. Pili sikukanyaga. Akaniambia anaizima mara moja zaidi, halafu tunarudi, na ameandaa la kumwambia Mama Angela.

Akazima ya kushoto. Pua ikaenda. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwa nguvu, "Ya kushoto imekufa," kama ninavyomwambia mtu asiyeona. Mguu wa kulia ukashuka. Ndege ikanyooka. Nikavuta wenzo, hakuna kilichobadilika, nikageuza mapanga, nikairudisha kiwanjani na injini moja, nikatua. Faith alikuwa ameshatoa kalamu kabla hatujasimama.

Amenipitisha. Alinishika bega, akaniuliza kwa nini nalia nami nimefanya vizuri. Nikashindwa kumwambia kwamba paja langu la kulia lilikuwa linauma vibaya, na hakuna mtu aliyeligusa.